Sauti Niliyompa Mwenye Nyundo

Papa Sifa,

Niko Mbarara. Nimekaa kwenye ukingo wa saruji nje ya wodi ya wanaume, chupa ya uji iko kati ya miguu yangu, nimeizungushia kitenge isipoe. Saa ya kuwaona wagonjwa bado. Nimewahi kwa sababu kule Kamukuzi ninakolala, kwa binamu yangu anayefulia watu nguo, nilishindwa kutulia. Nimefagia ua wake mara mbili na bado mikono ilikuwa inatafuta kazi. Basi nimeipa kalamu. Najua ungenicheka. Kazi yetu mimi na wewe, ya kutafsiri filamu, ni ya mdomo, na hata orodha ya filamu za juma ulikuwa unamwachia binti yako Sifa aiandike ubaoni.

Nimekuja huku kwa ajili ya Mzee Gaspari. Unamkumbuka, yule Mrundi wa kibanda cha kuchaji simu, mwenye rozari shingoni, aliyekuwa akiunga waya wa mikro yako, kipaza sauti chetu, kila ulipokatika. Wamempiga. Watu wa zoni yetu wenyewe kule kambini, wakimbizi wenzake, wamempiga, mchana kweupe, karibu na mashine ya kusaga, na kosa ni langu. Leo nitaingia kumwambia. Hajui. Kila siku anakunywa uji wangu na kuniita mwananje, mwanangu kwa Kirundi chake, na mimi sijui nitafunguaje kinywa. Ndiyo maana naanza na wewe.

Ngoja nikupe habari za nyumbani kidogo, nipate pumzi.

Tangu tukuzike imepita miezi saba. Turubai la kibanda chetu cha video limeondoka, sasa tuna mabati, na mvua ikinyesha hakuna anayesikia kitu hata nikipiga kelele namna gani. Kiti chako bado kipo kwenye kona. Hakuna anayekikalia, hata wale wafanyabiashara wa ng'ombe wanaotoka Endiinzi siku za soko, wanaokaa popote bila kuuliza. Siku ya mazishi walikuwepo waliotaka mikro izikwe na wewe, ati ni heshima. Mama Sifa akaisukuma mikono yao akasema: "Apana! Hii njo jembe yetu. Kwani mukulima banamuzikaka na jembe?" Watu wakacheka na kulia pamoja. Akanipa mimi. Tangu siku ile ninaifunga kwenye kitambaa chako cha buluu na kuitia mkobani, kila ninakokwenda.

Nilikuwa muuza karanga mlangoni kwako, na mdomo wangu haukuwa na breki. Ulikuwa unatafsiri filamu, mimi nakukosoa kutoka nje, hadi siku moja ulisimamisha picha ukaniita mbele ya watu wote: "Weye mwenye kukosowa, kuya ukamate mikro." Nilidhani unanitania. Nikaishika, nikaongea, watu wakapiga makofi, na karanga zangu zikaliwa zote na wewe. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Ulinifundisha kila kitu. Ulinifundisha kuitazama filamu peke yangu kwanza, mara mbili, mara ya pili bila sauti. Ulinifundisha kumpa kila mtu wa filamu jina la hapa kwetu, kumfanya polisi wa Ulaya aongee kama askari wa hapa, kumfanya bibi wa Kichina aongee kama Mama Neema akigombania foleni ya maji. Watu wanapenda kujisikia wenyewe ndani ya picha, ulisema, na ni kweli. Lakini ulikuwa na sheria moja ambayo mimi niliiona ya ajabu. "Mapendo, muuwaji usimupatiye jina. Usimupatiye sauti. Mwache auwe na makelele ya filamu tu." Kila muuaji alipoingia, wewe ulinyamaza. Nilikuuliza kwa nini, ukasema ni hivyo tu. Nikakuuliza tena, ukaniambia niende nikanunue chumvi.

Nisamehe, lakini niliona ni udhaifu. Nilidhani huwezi sauti nene.

Sasa sikia nilichofanya.

Baada ya wewe kuondoka watu walianza kupungua. Kuna kibanda kingine ng'ambo ya kiwanja cha mpira, kina bafle mbili za kutoa sauti kubwa, na mtafsiri wao ni mcheshi mno. Watu walisema kwetu kumepoa. Mimi na hasira yangu unaijua. Nikatafuta filamu ya kuwarudisha, nikaipata kwa kijana mmoja wa Mbarara anayeuza kwenye flashi. Ni filamu ya kutisha. Asubuhi moja, katika mji wa watu tu wa kawaida, simu zote zinalia kwa wakati mmoja. Anayepokea anasikia mlio mrefu, mmmmm, usiokatika. Anatulia. Anatabasamu kidogo. Halafu anachukua kitu chochote kilicho karibu na kumgeukia aliye karibu. Mwalimu anawageukia wanafunzi. Dereva anawageukia abiria. Hakuna jini wala zimwi, Papa Sifa, ni majirani tu, wenye nguo za kazini, na ndicho kilichonitisha nilipoitazama peke yangu. Nilizima mara tatu. Na kila nilipozima niliwaza: hii itawarudisha watu wote.

Kuna jirani mmoja mle ndani, mzee mpole mwenye nyundo. Anakwenda mlango kwa mlango. Habishi kwa nguvu, anabisha kwa adabu. Mimi nikawaza, huyu akikaa kimya, watu watalala. Nikamtafutia sauti. Na sauti iliyonijia ilikuwa ya Mzee Gaspari.

Unajua anavyoongea. Mtu akimpelekea simu iliyokufa, yeye anaishika kwa mikono miwili kama daktari ameshika mtoto, anakohoa mara mbili, halafu: "Tuliya, mwananje, inapona sasa hivi." Zoni nzima inalijua neno hilo. Watoto wanaliiga. Basi Jumamosi, kibanda kimejaa hadi dirishani, mzee wa filamu akasimama mlangoni na nyundo yake, akabisha, na mimi nikakohoa mara mbili kwenye mikro. "Tuliya, mwananje. Inapona sasa hivi."

Kibanda kililipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia tangu ufe, nasema ukweli wangu. Basi nikarudia mlango wa pili, na wa tatu. Kufikia mlango wa nne hawakuwa wanacheka tena. Kimya. Kibanda chetu kimejaa watu waliowahi kubishiwa mlango na wauaji kule walikotoka, Papa Sifa. Wewe ulilijua hilo, mimi pia nilikuwa nalijua, maana na mimi nilitoka Fizi, kule Kongo, nikiwa nimebebwa mgongoni. Lakini mikro ilikuwa imewaka na sikuweza kuacha. Niliendelea na sauti ile hadi mwisho.

Siku ya pili Mama Neema alimnyang'anya mwanawe simu. Siku ya tatu habari zikaja kwamba kule kambi ya Oruchinga kuna mtu amepokea namba asiyoijua na kumkata mkewe kwa panga. Hakuna aliyemjua mtu huyo, wala mke. Kila aliyesimulia aliambiwa na mwingine. Watu wakaanza kuzima simu. Na kidogo kidogo wakaacha kupita kwa Mzee Gaspari. Hakuna aliyesema kwa nini. Walikuwa wanazunguka tu nyuma ya mashine ya kusaga, na wengine walifanya msalaba. Mimi nilikuwa naona. Nilijiambia itapita. Hata mimi, niliyejua kila kitu cha ile filamu, simu yangu nilikuwa nimeifunika chini ya beseni.

Halafu ikafika ile Alhamisi. Nilikuwa nasaga mahindi. Pale kwenye kibanda chake kulikuwa na simu moja kuukuu iliyonyeshewa, aliichomeka, ikaanza kutoa mlio. Mrefu. Mmmmm. Ni spika tu iliyoharibika, yeye mwenyewe alikuwa anacheka nayo. Mtoto akapiga ukelele: "Njo ile! Njo ile ya mu filamu!" Sikumwona aliyeanza. Niliona jiwe moja, halafu watu. Watu unaowajua, Papa Sifa. Mwimbaji wa kwaya alikuwepo. Aliyekuchimbia kaburi alikuwepo. Wakapindua meza, wakakanyaga betri, na Mzee Gaspari akainua mkono wa kulia kujikinga uso, ndio wakaupiga huo mkono kwa mti wa jembe. Na aliyekuwa anapiga alikuwa anasema kwa kila pigo, kwa sauti yangu mimi, kwa kikohozi changu: "Tuliya, mwananje! Inapona! Inapona sasa hivi!"

Mikro ilikuwa mkobani mwangu. Ningeweza kupiga kelele hata bila mikro, wewe unalijua koo langu. Sikupiga. Nilisimama pale unga unamwagika miguuni, nikiogopa kwamba nikisema neno moja watageuka na kuniuliza: si ni wewe uliyetuambia?

Polisi alipofika, yule mrefu Mnyankole, walikuwa wameshatawanyika. Alizunguka anauliza: "Banange! Simu gani inakula bongo ya mutu? Nani naanzisha hii maneno? Wewe nyabo, nakuwa hapa, naona nini?" Nikasema nilikuwa nasaga. Hivyo tu. Nilikuwa nasaga.

Walimleta huku Mbarara. Madaktari wameokoa mkono lakini vidole viwili vimekwenda, vile anavyoshikia waya wa kuunganishia. Hana mtu, unajua, mke alimzika njiani. Ndipo nikaanza kuja na uji. Watu zoni wanasema Mapendo ana moyo. Nikisikia hivyo najifanya nina haraka.

Juzi nilirudi kubadilisha nguo, nikapita kwa Mama Sifa. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia yote, kwa sababu sikuwa tena na fasi ya kuyaweka, kama anavyosema yeye. Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha, halafu akaniambia habari zako.

Aliniambia juu ya baiskeli moja. Kwamba kule kwenu ulikuwa mtangazaji wa kijiji, unapita na baiskeli na mikrofoni ya betri ya kubeba mkononi, unatangaza siku za chanjo, mnada, misa ya wafu. Kwamba kila mtu aliipenda sauti yako. Kwamba siku moja wanaume walikupa karatasi, wakasema soma hii, na kwenye karatasi kulikuwa na jina la mtu mmoja na kwamba ndiye anayetia sumu kisimani. Wewe ukasoma. Ulisoma mtaa kwa mtaa, na baiskeli uliyopanda ilikuwa ya mtu yuleyule, alikuazima asubuhi. Jioni nyumba yake haikuwepo, na yeye hakuwepo. "Njo maana hakukuwa mwenye kupatia muuwaji sauti," Mama Sifa aliniambia. "Alisema ile sauti yake ilisha kufanya ile kazi mara moja, inatosha."

Nilikukasirikia, Papa Sifa. Niseme tu. Nilitoka pale natembea kwa haraka na kukugombeza barabarani hadi watu wakanitazama. Kwa nini hukuniambia? Ulinituma chumvi! Miaka minne nimekaa ubavuni mwako, nimekufungia dawa, nimekuosha miguu ilipovimba, na hukuona kama naweza kubeba hilo? Ungeniambia siku moja tu, Mzee Gaspari angekuwa na vidole vyake.

Halafu nikafika kwenye kituo cha gari nikakaa, na nikajua kwa nini. Kwa sababu na mimi nimekaa kando ya kitanda cha Mzee Gaspari siku kumi na tisa nikimnywesha uji, na sijamwambia.

Wamefungua mlango. Watu wanaingia. Kuna simu ya mtu imelia hapa karibu na nimeruka, uji umenimwagikia kidogo. Naingia, Papa Sifa.

*

Nimetoka. Nimekaa palepale.

Nilimkuta ameketi, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko, anamsimulia mgonjwa wa pembeni jinsi ya kukausha simu kwa mchele. Alinisogezea nafasi. Sikumimina uji. Nilisimama, na nikasema yote bila kupumua, tangu flashi hadi unga uliomwagika. Nilisema "ile sauti ilikuwa yangu" na nikasema "nilikuwepo na nilinyamaza." Yule mgonjwa wa pembeni aligeukia ukutani.

Mzee Gaspari aliuweka vizuri mkono wake mgonjwa juu ya mto. Halafu akasema, polepole kama anavyosema kila kitu: "Ego, ndiyo. Nilikuwa ndani."

Sikuelewa.

"Ile Jumamosi. Nilikuwa ndani ya kibanda, benchi ya nyuma. Mimi mwenyewe nilicheka. Nikasema, huyu mtoto amenipata kabisa, hata kikohozi." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. "Mlango wa nne, nikatoka. Nilikwenda nyumbani nikafunga."

Alijua. Siku zote kumi na tisa alijua. Kila kikombe nilichompa, alikuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema: "Uji ulikuwa mzuri, mwananje. Lakini nilikuwa nangojea."

Nikalia, basi, ovyo, mbele ya watu wa wodi nzima, kamasi na kila kitu. Na nilijikuta nangoja aseme lile neno lake. Unajua, aniambie nitulie, kwamba inapona. Hakusema. Hapo ndipo nikatambua kwamba siku zote hizi hajalisema hata mara moja, si kwa daktari, si kwa mtoto wa mtu, si kwa mkono wake mwenyewe. Naye akaona ninachongoja.

"Lile neno sina tena," akasema. "Nikifungua kinywa, nasikia wao. Lilikuwa neno la mama yangu, alilisema nikiwa na homa. Wewe ulilichukua mbele ya watu. Ulirudishe mbele ya watu."

Aliomba uji. Nikammiminia, nikamshikia kikombe, kwa sababu mkono wa kushoto bado hajauzoea.

Ndiyo hivyo, Papa Sifa. Atatoka keshokutwa. Anarudi zoni, anasema hana pengine pa kwenda, na kwamba meza ya kibanda chake inahitaji mguu mmoja tu. Mimi naogopa. Watu hawapendi kuambiwa walichofanya na mtu aliyesimama nao. Wanaweza kukivunja kibanda chako. Wanaweza kusema ni mimi niliyewatia wazimu, ndiyo rahisi kwao, na filamu yenyewe imewapa maneno ya kusema, kwamba mlio ndio unaomgeuza mtu. Aliyempiga vidole anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ananisalimia kila asubuhi.

Lakini nimekaa hapa nimewaza juu yako na ile baiskeli. Wewe hukupata mtu wa kumrudishia. Ulibaki kunyamaza kila muuaji alipoingia, miaka yote ile, filamu baada ya filamu, na mimi nikadhani huwezi sauti nene. Wangu yuko hai. Yuko nyuma ya mlango huu, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto.

Basi nakuahidi. Jumamosi saa nane mchana, kabla ya filamu yoyote, sitakaa kwenye kona yetu. Nitasimama mbele ya kioo cha filamu, uso wangu uonekane, na Mzee Gaspari atakaa kwenye kiti chako, nimeshaamua, usinigombeze. Nitasema nilichofanya na niliponyamaza. Nitasema nilimchukulia nani neno hilo na lilikuwa la mama wa nani. Sitamtaja aliyeshika mti wa jembe. Atakuwa ameketi humo, atajisikia. Halafu nitaizima mikro na kumpa Mzee Gaspari aiwashe mwenyewe akitaka, na kama ana la kusema atasema, na kama hana tutakaa hivyohivyo hadi awe nalo.

Na ile filamu nimeifuta. Zikija nyingine, maana zitakuja, muuaji akiingia mimi nitanyamaza.

Pumzika, Papa Sifa. Nikitoka hapa napita sokoni kununua waya, ule wa zamani umeanza kukatika tena karibu na shingo ya mikro. Mzee Gaspari amesema nitaushika mimi, yeye atanielekeza.

Mwanafunzi wako,
Mapendo